Dole la Bi Thuwaiba

Vikombe viwili unga, kimoja chumvi,
maji kidogo kidogo, ya bomba,
na bomba la Sib mwezi wa Agosti
halina haja ya birika.
Ninakanda. Mama yuko mlangoni,
kofia ya Yaarub mkononi, sindano mdomoni.
"Chapati gani hizo, chumvi kikombe kizima?"
Si chapati, Mama. Ni mguu.
"Mguu!" Sindano ikamtoka.

Muzna ana siku arubaini na tatu.
Jana tulijaribu wino,
ule wa buluu wa mihuri ya baba yake:
akakunja vidole, akapiga teke,
karatasi ikapata kitu kama samaki aliyekanyagwa
na kanzu ya Yaarub ikapata kingine.
Karatasi nimeiweka.
Kanzu iko kwa dobi, haijarudi.

Picha ninazo elfu mbili ndani ya simu,
nyingi kama mchanga, na kama mchanga hazishikiki.
Kumi na mbili nimezichapisha kwa Shaji, mwenye studio kule Ruwi,
aliyeniuliza: ya kung'aa au isiyong'aa?
Nikasimama pale
kama niliyeulizwa Kiyama ni lini.
Nikachukua zote mbili.

Mama picha ya utoto hana.
Pemba alitoka na sanduku la kuazima
na ndani yake nguo za wenziwe.
"Waliouona uso wangu ule wamekwisha wote,"
alisema siku moja huku anakata bamia,
kama anayetaja bei.

Muzna amelala. Huu ndio wakati.
Naupaka unyayo mafuta kidogo,
unyayo usiojaza kijiko cha pilau,
nakandamiza kisigino, halafu ukingo,
halafu vidole, kimoja kimoja,
kama mtu anayebonyeza nambari ya simu
asiyotaka kuikosea.
Naunyanyua.
Na mle, ndani ya unga, kila kitu kipo:
mistari myembamba kuliko uzi,
na kile kidole cha mwisho kilichojikunja,
urithi wa upande wa baba yake.

Mama amevaa miwani.
"Mashaallah. Hata mikunjo."
Halafu, bila kuomba,
akaweka dole gumba pale pembeni palipobaki
akabonyeza.

Kikatoka kishimo. Laini.
Hakuna mstari hata mmoja.

Miaka arubaini ya vitobo vya kofia,
sindano, uzi, sindano,
kofia za maharusi, za Idd, za watoto wa watu,
zimelila dole hilo mstari kwa mstari.
Nikaikumbuka ofisi ya vitambulisho,
mashine ikiwaka nyekundu, tena nyekundu,
kijana wa kaunta akipangusa kioo, akisema kwa adabu,
"Jaribu tena, mama,"
naye akijaribu tena,
akijifuta kwenye baibui kama mwenye kosa.

"Haikutoka," alisema.
Imetoka, Mama.
"Iko wapi?"
Nilitaka kumjibu maneno makubwa, sikuyapata.
Nikachukua mrija wa juisi
nikatoboa tundu la utepe, juu, katikati,
si juu ya mguu, si juu ya dole.

Moto mdogo, saa tatu.
Nikasahau, zikawa nne, kisigino kikapasuka ufa.
Yaarub kasema tutengeneze kingine, unga upo.
Upo, nikamwambia. Wa chapati.

Sasa kinaning'inia jikoni, karibu na swichi,
kina ufa wake, na picha mbili pembeni,
moja ya kung'aa, moja isiyong'aa.
Jana usiku niliamka kumpashia Muzna maziwa
nikamkuta Mama amesimama pale, taa imewaka,
dole lake ndani ya kile kishimo.
Limeingia sawasawa.
Alipoliona jicho langu akalitoa,
akalipuliza kama lina vumbi,
akauliza kofia ya Yaarub
aitie uzi mweupe au wa maziwa.